Usiache Mbachao: Maua ya Vitunguu Uani Mwetu

Mpwa wangu alirejea kutoka Uholanzi na zawadi ya vitunguu kumi. Si vya mchuzi, bali vya maua yaitwayo tulipu. Nikavipanda uani, kando ya birika, nikangoja. Vikatoa majani machache, kisha vikaoza. Mama watoto akaniuliza kama havingefaa zaidi kwenye pilau.

Msomaji mpenzi, kosa halikuwa la vitunguu, lilikuwa langu. Tulipu ni mzaliwa wa nchi za baridi. Kitunguu chake hakitoi ua ila kilale kwanza katika baridi kwa wiki 12 au zaidi. Mombasa baridi hiyo tutaitoa wapi?

Hata hivyo, ua hilo lina nasaba. Kabla ya Waholanzi kulijua, lilikuwa likitunzwa katika bustani za masultani wa Istanbul. Waturuki huliita lale, na miaka ya 1718 hadi 1730, zama za Sultan Ahmed wa Tatu, hujulikana kwa jina la ua hilo. Aliyesoma chuoni na aliandike kwa herufi za Kiarabu: lam, alif, lam, he. Ndizo herufi za Jina Tukufu la Mwenyezi Mungu, na kwa hesabu ya abjadi yote mawili ni 66. Si ajabu kwamba vigae vya Msikiti wa Rustem Pasha, huko Istanbul, vimejaa ua hilo.

Lakini wahenga walitwambia: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwetu nako kuna maua ya vitunguu. Liko lile jekundu, la mviringo kama mpira, lichomozalo ardhini mvua za kwanza zikianguka. Wataalamu huliita Scadoxus. Kikonyo kimoja huweza kubeba maua madogo madogo yafikayo 200.

Lipande pasipotuama maji, shingo ya kitunguu ikichungulia juu ya mchanga. Majani yakikauka, usilimwagie maji wala usilichimbue, halikufa, limelala. Na watoto na mbuzi wasiliguse, kwani lina sumu likiliwa.

Langu nimekwisha kulipanda, mbali na birika. Kila alfajiri nitokapo kutia udhu hulitazama. Ni mchanga mtupu. Lakini masika bado hayajaja, na subira huvuta heri.