Kosa Moja Lililofichua Siri Kilindini, na AI Inayolinda Pesa Zako

Umewahi kutuma pesa usiku, halafu muamala ukasimama na ukaulizwa kama kweli ni wewe? Wateja wengi hutuuliza, "Kwani ni nani ananichunguza?" Jibu fupi: si mtu, ni programu ya akili unde, ile tumezoea kuiita AI. Jibu refu lina historia, na kipande cha historia hiyo kiko hapa hapa Mombasa.

Tuanzie Ngome ya Yesu

Ukitembelea Ngome ya Yesu utasikia habari za Wareno walioijenga kati ya 1593 na 1596, na za mizinga yao. Ni wachache wanaosimuliwa vita vingine vilivyopiganwa kisiwani humu kwa penseli na karatasi.

Aprili 1942, wakati ngome hiyo ikiwa bado gereza, ndege za Japani zilishambulia Colombo, katika Sri Lanka ya leo. Waingereza wakahamishia Mombasa kikosi chao cha kufumbua ujumbe wa siri. Kikawekwa katika shule ya Allidina Visram, na kikajulikana kwa jina la Kilindini. Kazi yake ilikuwa kunasa mawasiliano ya redio ya meli za Japani na kutafuta maana yake.

Kulikuwa na mfumo mmoja wa siri, JN-40, uliotumiwa na meli za mizigo. Uliwashinda kwa muda. Kisha Septemba 1942, Wajapani wakafanya kosa moja katika kuutumia. Wataalamu wawili wa Kilindini, John MacInnes na Brian Townend, wakalishika kosa hilo kama uzi na kuuvuta. Kufikia Novemba walikuwa wanausoma ujumbe huo wote.

Hapo ndipo somo letu lilipo. Mfumo ulikuwa mgumu kweli, lakini mlango ulifunguliwa na makosa ya binadamu.

Kutoka penseli hadi mashine

Kilindini ilikuwa tawi la kituo kikuu cha Bletchley Park, Uingereza. Huko, Alan Turing na wenzake walisaidiwa na mashine kuanzia 1940, na mwaka wa 1944 ikaanza kazi Colossus, kompyuta ya mapema ya kielektroniki. Kazi ilikuwa ile ile: tafuta kinachojirudia, kisha uliza kwa nini.

Mwaka wa 1950 Turing aliandika makala akiuliza kama mashine inaweza kufikiri. Mwaka wa 1956, wanasayansi walikutana katika chuo cha Dartmouth, Marekani, kwa mwaliko wa John McCarthy na wenzake, na hapo taaluma hii ikajulikana kwa jina lake la AI. Wengi walijaribu kuipa kompyuta kanuni moja moja. Wengine, kama Frank Rosenblatt mwaka wa 1958, walitaka ijifunze yenyewe kutokana na mifano. Wazo lilikuwa zuri, ila kompyuta zilikuwa dhaifu na mifano ilikuwa michache. Ilichukua miongo kadhaa, hadi intaneti ikaleta mifano tele na chipu zilizotengenezewa michezo ya video zikaleta nguvu.

Sasa tuje kwenye simu yako

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka wa 2007, kununua hata mkate kunaweza kuacha rekodi. Chukulia mama anayeuza mahamri na mbaazi karibu na ngome. Kila asubuhi hulipia unga, shilingi 1,500 au 2,000. Usiku mmoja, saa nane, laini yake inatuma shilingi 48,000 kwa nambari mpya, kutoka simu nyingine. Programu haimjui mama huyu wala haijui shida zake. Inachoona ni kwamba mambo hayafanani na kawaida yake, basi inasimamisha na kuuliza.

Tuseme ukweli: wakati mwingine inakosea. Labda mama ana mgonjwa hospitalini na pesa zinahitajika usiku huo. Ndiyo maana tunakuuliza badala ya kukata tu. Na kuna upande wa pili: ukidanganywa ukatuma mwenyewe, kwa simu yako na nambari yako ya siri, programu inaweza kuona kila kitu kiko sawa.

Kwa hivyo, fanya hivi:

- Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Hatuiombi kamwe.
- Usitumie mwaka wa kuzaliwa au 1234. Kinachokisiwa kwa urahisi huvunjwa kwa urahisi.
- Ukiambiwa "nimekutumia kimakosa, nirudishie", angalia salio lako kwanza, kisha utupigie sisi.
- Siku hizi AI inaweza kuiga hata sauti ya ndugu yako. Akikuomba pesa kwa haraka, kata simu, umpigie kwa nambari unayoijua.
- Muamala ukisimamishwa, soma ujumbe kabla ya kubonyeza "ndiyo".

Mashine zimebadilika sana tangu siku za Kilindini, lakini walaghai bado wanasubiri kosa lile lile: la mtu. Tahadhari kabla ya hatari.