Kompyuta ya Alama za Vidole Hutafuta, Haihukumu



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nieleze jambo linalozungumzwa na wengi bila kueleweka sawasawa. Tangu wananchi tulipoanza kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya vitambulisho vya taifa na kusajili laini za simu, husemwa vijiweni kwamba mwizi hana tena pa kujificha, kwani kompyuta itamtaja. Ni kweli kwamba mashine hiyo huwasaidia sana polisi. Lakini kazi yake ni kutafuta tu. Anayeamua ni binadamu.

Kwanza tuielewe alama yenyewe. Ncha ya kila kidole ina mistari midogo iliyoinuka. Hujitokeza mtoto angali tumboni mwa mama yake, na mpangilio wake haubadiliki maisha yote, isipokuwa kwa kovu kubwa. Hata mapacha wanaofanana kama shilingi kwa ya pili hawana alama za namna moja. Mtu akishika kioo au chuma, jasho na mafuta ya ngozi yake huacha chapa ya mistari hiyo.

Polisi wa London walifungua ofisi ya alama za vidole mwaka 1901. Walitumia mpango wa kupanga kadi uliobuniwa Calcutta, India, na Edward Henry pamoja na wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mpango huo ulifaa polisi walipokuwa na vidole vyote kumi vya mtu. Lakini chapa ya kidole kimoja iliyokutwa dirishani ilikuwa kazi ngumu, maana mtaalamu alilazimika kupekua kadi moja moja kwa kioo cha kukuzia.

Hapo ndipo kompyuta ilipoleta nafuu. Hutafuta mahali mstari unapokomea na mahali unapogawanyika kama njia panda. Hupima nafasi na mwelekeo wa kila mahali pa namna hiyo, kisha hugeuza yote kuwa tarakimu na kuyalinganisha na tarakimu za watu waliomo katika kumbukumbu zake.

Mwaka 1985 wakazi wa Los Angeles, Marekani, walikuwa hawalali kwa hofu ya muuaji aliyekuwa akiingia majumbani usiku. Mwezi Agosti polisi walipata chapa katika gari la wizi. Jimbo la California ndiyo kwanza lilikuwa limefunga kompyuta mpya, na waliokuwa wameingizwa humo ni watu waliozaliwa kuanzia mwaka 1960 tu. Kwa dakika chache likatoka jina la Richard Ramirez, aliyezaliwa Februari 1960. Picha yake ikatangazwa, na tarehe 31 Agosti wananchi wakamzuia barabarani mpaka polisi walipofika. Mwaka 1989 alitiwa hatiani kwa mauaji ya watu 13. Lau angezaliwa miezi michache kabla, kompyuta isingemwona, kwa sababu haimjui asiyekuwamo ndani yake.

Sasa tutazame upande wa pili. Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka katika treni mjini Madrid, Hispania, na watu zaidi ya 190 wakafa. Chapa iliyokutwa kwenye mfuko wa plastiki wenye vifaa vya kulipulia ilipelekwa pia kwa wapelelezi wa FBI wa Marekani. Kompyuta yao ikatoa orodha ya watu 20 ambao alama zao zilikaribiana nayo. Wa nne alikuwa wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Wataalamu watatu wa FBI wakasema chapa ni yake, na hata mtaalamu wa nje aliyeteuliwa na mahakama akakubaliana nao. Polisi wa Hispania walikuwa wamekwisha kusema hailingani, lakini wakili akawekwa kizuizini wiki mbili, mpaka Wahispania walipotangaza kwamba ni ya mtu mwingine, raia wa Algeria. FBI wakamwomba radhi, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikakubali kumlipa dola milioni 2.

Kompyuta haikusema uongo, kwani ilitoa orodha tu. Waliokosea ni watu. Uchunguzi rasmi ulionyesha kwamba baada ya kuitazama alama ya wakili, wataalamu walianza kuona katika chapa ile mambo ambayo hayakuwa wazi.

Basi wasomaji wenzangu, tushike mambo mawili. Nyumba ikivunjwa, tusijazane ndani na kushikashika dirisha na kufuli kabla polisi hawajafika, kwa kuwa kompyuta haiwezi kutafuta chapa tuliyokwisha kuifuta. Na mtu akikamatwa kwa sababu ya alama, tusimpige wala kumchomea nyumba. Alama huonyesha kwamba mkono ulifika pale. Haielezi ulifika lini wala kwa shughuli gani. Fundi aliyetia kioo dirishani naye aliacha yake. Kutenganisha mkono wa fundi na wa mwizi ni kazi ya mahakama, na ushahidi mwingine lazima uwepo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.