Salamu za waendesha pikipiki: Kwa nini mkono ulio huru ndio usiofaa

Mtu anayetoka Gitega kwa pikipiki asubuhi na kushika njia ya Karusi kuelekea Muyinga hukutana na watu wengi wanaostahili salamu: mwendesha pikipiki mwenzake anayeteremka mlima na abiria nyuma yake, dereva wa tuktuk aliyepakia magunia, kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, mama mwenye kikapu kichwani, wazee walioketi kivulini mbele ya duka. Kama naye angekuwa kwa miguu, asingepata shida. Angesema "Amahoro" au "Assalamu aleikum", angetoa mkono wa kulia, na kwa aliyemzidi umri angeugusa mkono huo kwa wa kushoto, karibu na kiwiko, kuonyesha heshima. Akiwa juu ya pikipiki, adabu hiyo yote inagongana na chuma.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo. Lakini kwa Waswahili wa Gitega na Muyinga, walio wachache katika nchi ambako Kirundi ndicho lugha ya wote, salamu ni kipimo cha mtu. Anayepita bila kusalimu huambiwa ana kiburi, na habari hiyo humtangulia kufika nyumbani. Kwa upande mwingine, mkono unaoachia usukani kwa ajili ya salamu unaweza kumwangusha yeye na abiria wake. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walifariki katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na katika kila 10 kati yao, takriban watatu walikuwa kwenye vyombo vya moto vya magurudumu mawili au matatu.

Mashine inavyogawa mikono

Pikipiki karibu zote za gia zimepangwa kwa namna moja, ziwe zimeundwa India, China au Japani. Mkono wa kulia huzungusha mpini wa mafuta na kuvuta breki ya mbele. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma. Mkono wa kushoto hushika klachi, na mguu wa kushoto hubadilisha gia. Mpini wa mafuta una springi: ukiachiwa hurudi mahali pake na mwendo hupungua ghafla, jambo ambalo aliye nyuma halitarajii. Kwa hiyo, mkono pekee unaoweza kuinuliwa kwa muda mfupi, pikipiki ikiwa imetulia kwenye gia na njia ikiwa imenyooka, ni wa kushoto.

Barabara nayo inakubaliana na mashine. Nchini Burundi, kama ilivyo Rwanda na Kongo, vyombo hupita upande wa kulia. Anayekuja mbele anapita kushoto kwako. Mkono ulio huru ndio huohuo ulio karibu naye.

Mpangilio huu ndio uliozaa desturi inayojulikana katika nchi nyingi ambako watu hupita kulia. Waendesha pikipiki wa Ufaransa wanapopishana hunyoosha mkono wa kushoto na kuonyesha vidole viwili. Wamarekani huuteremsha mkono huohuo chini, karibu na goti, pasipo kuupunga. Husimuliwa kwamba salamu hiyo ilianza mwaka 1904, William Harley na Arthur Davidson walipopungiana walipokutana njiani, lakini hiyo ni ngano inayopendwa zaidi kuliko inavyothibitishwa. Wafaransa wana na ishara ya shukrani: gari likiwapisha, hunyoosha mguu wa kulia kando. Anayeona mara ya kwanza anaweza kudhani ametukanwa kwa teke, kumbe ameshukuriwa. Sababu yake ni ileile. Gari lililowapisha linabaki upande wa kulia, na mkono wa kulia hauna nafasi.

Uingereza, ambako watu hupita kushoto, mkono huru uko upande wa ukingo wa barabara, mbali na anayekuja. Waendesha pikipiki wengi huko hutikisa kichwa tu.

Ugumu wa mkono wa kushoto

Kwa mashine na kwa barabara, basi, mwendesha pikipiki wa Burundi angepaswa kusalimu kama Mfaransa. Kinachomzuia ni malezi. Tangu utotoni amefundishwa kwamba mkono wa kushoto hautoi wala haupokei. Kwa Mrundi yeyote, kumpa mtu kitu kwa mkono huo peke yake ni utovu wa adabu. Kwa Mwislamu katazo hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa mkono wa kulia ndio wa kula na wa kusalimiana, na wa kushoto umewekewa kazi za usafi. Mzee aliyeketi mbele ya duka hajui habari za klachi. Anachoona ni kijana aliyempungia mkono wa kushoto na kwenda zake.

Hata hivyo, mafundisho hayohayo ya adabu yanamhusu mwenye pikipiki kwa namna ambayo wengi hawaikumbuki. Katika mapokezi yanayofundishwa madrasa, aliyepanda chombo ndiye anayeanza kumsalimu anayetembea, anayetembea humsalimu aliyeketi, na wachache huwasalimu wengi. Wanazuoni wengi wameeleza hekima yake: aliye juu ya kipando ameinuliwa kuliko wenzake, na salamu humrudisha chini. Wakati huo kipando kilikuwa ngamia au farasi, na hatamu ingeweza kuhama mkono. Mpini wa mafuta hauhami.

Masheikh hufundisha pia kwamba ishara peke yake haitoshi pale ambapo sauti ingefika. Aliye mbali ataashiria huku akitamka. Kwa mwendesha pikipiki, hili ni jambo la kufariji. Kutamka hakuhitaji mkono wowote, na kichwa kinaweza kuinama kidogo pamoja na maneno. Kofia ngumu inayofunika uso mzima itaficha midomo, lakini kuinama kwa kofia yenyewe huonekana kwa mbali.

Kuna njia nyingine ambayo haitumiki inavyostahili. Adabu ya salamu inakubali kwamba mmoja wa kundi akisalimu au kuitikia, amewatosheleza wenzake. Abiria wa pikipiki ana mkono wa kulia usio na kazi ya kuendesha. Akiwa ameshika kwa kushoto chuma kilicho nyuma ya kiti na mwendo ukiwa mdogo, anaweza kuwasalimu wazee kwa niaba ya wote wawili, na dereva akabaki na mikono yake mahali inapotakiwa. Bila shaka, abiria mwenyewe awe anawafahamu wazee hao, au angalau awe hana haraka ya kufika sokoni.

Honi na taa

Kwa kuwa mkono una matatizo, wengi huhamia kwenye honi. Kitufe chake kiko kwenye mpini wa kushoto, chini ya kidole gumba, na hakuna haja ya kuachia chochote. Mlio mmoja mfupi, na salamu imefika.

Ila imefika kwa nani? Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataja matumizi mawili tu ya honi: kuepusha ajali na, nje ya miji, kumtahadharisha dereva anayekaribia kupitwa. Salamu haimo. Ukali huo una sababu, na hasa kwenye barabara za milimani ambako waendesha baiskeli wenye mizigo mizito hupanda kwa kuyumba. Anayesikia honi nyuma yake hawezi kujua kama anasalimiwa au anaonywa. Akigeuka kutazama, baiskeli nayo hugeuka. Mtoto akisikia, huenda akakimbia upande usiotarajiwa. Honi ya salamu ikizoeleka, honi ya hatari hupoteza nguvu yake, na kwa mwenye chombo kisicho na milango wala mikanda, hiyo ni hasara kubwa.

Taa ni kimya lakini haieleweki zaidi. Kuwasha na kuzima taa mara moja au mbili kunaweza kuwa salamu, au kumpisha anayekuja, au kumkatalia njia, au kumwambia kwamba ameacha taa kubwa ikiwaka, au kumtahadharisha kwamba mbele kuna ajali, ng'ombe au polisi. Kanuni za barabarani za Uingereza zimejaribu kumaliza utata huo kwa kuipa ishara hii maana moja tu: kumjulisha mwenzako kwamba upo. Huko Afrika Mashariki maana zote zinaishi pamoja, na anayesoma vibaya anaweza kukata kona mbele ya lori akidhani amepishwa.

Mkono wa mtembea kwa miguu nao una utata wake, na huu ni wa kibiashara. Katika mji ambao pikipiki nyingi ni taksi-moto, mkono ulioinuliwa kando ya barabara maana yake ni mteja. Mtu anayempungia rafiki yake upande wa pili wa barabara hujikuta pikipiki mbili zimesimama mbele yake na zinagombania kumchukua. Vilevile, dereva anayempungia mtu asiyemfahamu hueleweka kuwa anatafuta abiria. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kichwa kuwa salama kuliko mkono hata mjini, ambako mwendo ni mdogo.

Wenye magurudumu matatu

Ulaya na Marekani, wapenzi wa pikipiki hubishana kama anayeendesha chombo cha magurudumu matatu anastahili kupungiwa mkono. Wengine humhesabu kuwa mwenzao, na wengine humwona kama mwenye gari dogo. Ubishi wa namna hiyo ni anasa ya watu wanaoendesha kwa burudani. Machi 2022, serikali ya Burundi ilipozuia baiskeli, pikipiki za abiria na tuktuk kuingia katikati ya Bujumbura, haikuhesabu magurudumu.

Lakini dereva wa tuktuk, chombo ambacho Tanzania huitwa bajaji, ana udhuru ambao mwenzake wa pikipiki anapaswa kuujua kabla ya kumwita mwenye kiburi. Usukani wa tuktuk unafanana na wa pikipiki, ila gia haziko mguuni. Katika tuktuk za kawaida, mkono wa kushoto hushika klachi na kuzungusha mpini huohuo ili kubadilisha gia. Kwenye miinuko ya Gitega, ambako gia hubadilishwa kila baada ya mita chache, mkono huo hauna uhuru wowote. Tena paa linamfunika, na aliye mbali haoni kichwa chake kikiinama. Salamu yake huonekana tu anapokuwa amesimama.

Kinachosemwa kwa mwendo

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki husogea karibu mita 14 katika kila sekunde. Mkono ulioachia klachi kwa sekunde mbili umepita karibu mita 28, na katika nafasi hiyo shimo, mbuzi na mtoto wote wanatosha. Kona, mteremko, mvua, changarawe na barabara yenye watu ni mahali pa mikono yote miwili, na hakuna mzee mwenye busara atakayedai salamu hapo.

Ziko ishara ambazo uzito wake ni mwingine kabisa. Stendi ya pembeni iliyosahaulika chini iko upande wa kushoto, na pikipiki ikilalia kona ya kushoto itagonga ardhi na kumwangusha dereva. Anayeona stendi ya mwenzake imening'inia hapaswi kuchagua mkono: apige kelele, aonyeshe kwa mguu, kwa kidole, kwa lolote. Hali ni hiyohiyo kwa kitambaa cha abiria au ncha ya pazia la mzigo inayokaribia mnyororo wa gurudumu la nyuma.

Kisha kuna aliyesimama kando ya njia na pikipiki iliyozimika. Katika miaka hii ya uhaba mkubwa wa mafuta nchini Burundi, mtu anayesukuma pikipiki mlimani si jambo la kushangaza, na si rahisi kujua kwa kumtazama kama ameishiwa au ameharibikiwa. Katika nchi nyingi, waendesha pikipiki huonyesha tangi kwa kidole, na mwenzao huelewa. Kupunguza mwendo na kuuliza huchukua muda mrefu zaidi kuliko kupunga mkono, na hata asiye na tone la kugawa anaweza kupeleka habari mbele.

Kupunguza mwendo hueleweka pia na wasiojua ishara yoyote ya barabarani. Wakati wa kiangazi, kwenye njia za vumbi zinazoingia vijijini kutoka barabara kuu ya Muyinga, mama mwenye kikapu hutambua mara moja ni nani amemwona na ni nani hakumwona. Wakati wa mvua, dimbwi hufanya kazi hiyohiyo. Dereva anayepita polepole huku akiinamisha kichwa amekwisha kusalimu, na mikono yake yote miwili ingali kwenye usukani.

Kutoka Muyinga, barabara inaendelea mashariki hadi mpaka wa Kobero. Ng'ambo ni Kabanga, Tanzania, na hapo vyombo vyote huhamia upande wa kushoto. Mwendesha pikipiki anayevuka huona mara ya kwanza anayekuja mbele akimpita upande wa kulia, upande wa mkono wa heshima. Mkono huo bado umeshika mafuta.