KIBAHA: WAFADHILI WALIONDOKA, KAZI IKABAKI

Wengi wetu tunapita Kibaha, kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, bila kuijua historia yake. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika iliingia mkataba na nchi nne za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, ili kupambana na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Zikajengwa shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha.

Kazi haikufa. Kituo cha afya kilikua hadi kuwa Hospitali ya Tumbi, inayopokea pia majeruhi wa ajali za barabara hiyo. Shule ingali inafundisha, na Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani.

Kamati za sharika, tujiulize: siku mfadhili akiondoka, kisima au zahanati yetu itabaki mikononi mwa nani? Tuandae watu na mfuko wa matengenezo tangu siku ya kwanza. Nanyi wafadhili wetu, tusaidieni katika hilo pia.