Kulia ni kwa Msafiri: Maswali ya Dira na Umbali (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye dira: kaskazini juu ya karatasi, kusini chini, mashariki kulia, magharibi kushoto. Leo tuingie kwenye maswali yenyewe, yale yanayowaangusha wengi katika mitihani ya mchujo ya ajira ilhali hesabu yake ni ya shule ya msingi.

Juma anatoka nyumbani akielekea kusini, anatembea mita 500. Anageuka kulia, anatembea mita 400. Anageuka kulia tena, anatembea mita 200, anasimama. Yuko umbali gani kutoka nyumbani, na nyumba iko upande gani kwake?

Wengi hupotea kwenye ile “kulia” ya kwanza. Macho yameshaizoea karatasi, mashariki iko kulia, basi Juma anapelekwa mashariki. Lakini kulia si kwa karatasi, ni kwa Juma, naye ameelekea kusini. Mkono wake wa kulia uko magharibi. Binti mmoja niliyekuwa nikimsaidia kujiandaa na usaili alilikosa swali la namna hii mara tatu. Mara ya nne aliinuka, akaupa ubao mgongo, akanyoosha mkono wa kulia na kuutazama kwa muda. Kisha akakaa, akachora, akapata. Katika chumba cha mtihani huwezi kuinuka, lakini karatasi unaweza kuizungusha. Izungushe mpaka mshale wa msafiri uelekee mbele yako. Hapo kulia kwake ndiko kulia kwako.

Turudi kwa Juma. Kusini 500, magharibi 400, kaskazini 200. Mita 200 za kaskazini zinapunguza zile za kusini, zinabaki 300. Magharibi hakuna kilichopungua. Tumepata pembetatu mraba yenye pande za 300 na 400. Kwa kanuni ya Pythagoras, 90,000 na 160,000 ni 250,000, na kipeuo chake cha pili ni 500. Juma ametembea mita 1,100, lakini kwa mstari ulionyooka yuko mita 500 tu kutoka nyumbani. Soma vizuri swali linataka kipi. Tena yeye yuko kusini-magharibi mwa nyumba, kwa hiyo nyumba kwake iko kaskazini-mashariki. Watu hufanya hesabu yote sawasawa, wakaanguka hapa mwishoni.

Kuna pia maswali ya kivuli. Asubuhi kivuli huanguka magharibi, jioni mashariki. Ukiona asubuhi kivuli chako kiko kushoto, umeelekea kaskazini. Jihadhari na adhuhuri. Vitabu vilivyoandikwa nchi za kaskazini ya mbali husema kivuli cha saa sita mchana huelekea kaskazini. Dar es Salaam mwezi Juni jua la saa hiyo liko kaskazini yetu, na kivuli huanguka kusini. Desemba hugeuka kikaelekea kaskazini. Kukariri sheria ya kwingine bila kutoka nje kutazama ni kujifunza nusu.

Zoezi la wiki hii: Mama anatoka sokoni akielekea magharibi mita 120, anageuka kushoto, anatembea mita 50. Yuko umbali gani kutoka sokoni, na soko liko upande gani kwake? Chora kwanza, ndipo uhesabu. Jibu tutalitazama wiki ijayo.