Miujiza Tele, Riwaya Haba

Familia ya Soria imejaliwa kutenda miujiza. Mwenye giza moyoni hufunga safari hadi kwao Bicho Raro, jangwani Colorado, mwaka 1962, naye mtakatifu wa familia hulitoa giza hilo nje likaonekana kwa macho. Mtangazaji wa redio anageuka jitu. Padri anaota kichwa cha koyote. Binti mmoja anafuatwa na mvua isiyokatika. Hiyo ndiyo All the Crooked Saints, riwaya ya Mmarekani Maggie Stiefvater iliyotoka mwaka 2017. Kwa wazo kama hilo ungetarajia kukesha nayo. Mimi niliisoma nikipiga miayo.

Stiefvater hatuachii kitu cha kubaini. Kila mhusika akiingia, msimulizi anatutajia anachokitaka na anachokiogopa, mithili ya karani anayejaza fomu. Baada ya hapo muujiza unabaki pambo tu. Na mwiko wake ni mzuri kweli: muujiza wa pili, ule wa kuliondoa giza, lazima mgonjwa autende mwenyewe, na Msoria akimsaidia, giza litamgeukia yeye. Daniel, mtakatifu wa kizazi hicho, anauvunja kwa ajili ya mapenzi. Hapo ndipo hadithi ingekolea. Lakini mwandishi anatukimbiza kwenye mizaha na redio isiyo na leseni, na gharama ya mwiko haituumi. Lugha yake ni tamu, sikatai.

Msomaji wa Meru ana kipimo chake cha mambo haya. Kwa Wameru wa Imenti na Tharaka palikuwa na Mugwe, kiongozi wa dini ambaye cheo chake kilirithiwa katika ukoo. Bernardo Bernardi, mmisionari wa Consolata aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1959. Kazi ya Mugwe ilikuwa kubariki. Mkono wake wa kushoto ulishika kiragu, kitu kilichohusishwa na nguvu zake, na ulifichwa chini ya vazi. Iliaminiwa kwamba atakayeuona atakufa. Wasoria wanaonyesha kila kitu. Mugwe alificha mkono mmoja tu, na watu wakamheshimu vizazi na vizazi.

Kisha kuna safari ya Wameru kutoka Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji. Wazee husimulia kwamba Nguo Ntuni, mabwana waliowatumikisha Wameru, waliwadai mambo yasiyowezekana: kiatu chenye manyoya pande zote mbili, mkuki wa kufika mbinguni. Yalipowashinda, wakatoroka. Kiongozi wao, Koomenjwe, akayapiga maji kwa fimbo, njia ikafunguka. Waliovuka usiku wakawa kundi la Njiru, wa alfajiri Ntune, wa mchana Njeru. Masimulizi mengine yanamtaja Gaita, aliyejitoa awe kafara ili maji yakubali. Muujiza huo una aliyeulipia, na una watu ambao hata leo wanajua mababu zao walivuka saa ngapi. Kwa Wasoria sikuuona uzito wa namna hiyo.

Embu nako hakuna upungufu wa simulizi kama hizi. Mwenendega, anayehesabiwa kuwa baba wa Waembu, ana kisitu chake kitakatifu karibu na mji wa Runyenjes.

Mtu asidhani ninadai kila riwaya ya maajabu iwe ngano ya kale. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimtoa babu kaburini ili amsute mjukuu aliyeshiba huku nchi ikiteketea. Ufufuo ule una shabaha, na msomaji anatoka amechomwa.

Kwa hiyo hukumu yangu: kiazime kitabu cha Stiefvater ukikipata maktabani, usikinunue. Na wewe unayeandika ukiwa Nkubu, Chuka au Manyatta, Mugwe anastahili riwaya yake ya Kiswahili. Nenda kawasikilize wazee ungali unawakuta, halafu uiandike.