Kwa Nini Shangazi Yenu Analala Mchana

Jana niliwasikia mkicheka nyuma ya jiko. Mmoja wenu alisema, "Shangazi anaamka usiku kukimbia na hakuna anayemfukuza, halafu mchana analala kama mgonjwa." Njooni mkae hapa mkekani. Sijakasirika. Hilo ni swali zuri, ila jibu lake linaanzia mbali, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii.

Mwaka 1977 wanamichezo wa huko walikuwa wakibishana: nani ana mwili imara zaidi, mkimbiaji au muogeleaji? Mwanajeshi wa majini wa Marekani, John Collins, akataja na waendesha baiskeli, kisha akataka ubishi umalizwe kwa vitendo. Kisiwani palikuwa na mashindano matatu tofauti. Akayaunganisha yawe ya siku moja, ndiyo yakaitwa Ironman: kuogelea baharini kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu marathoni nzima, kilomita 42.2. Tarehe 18 Februari 1978 wakaanza watu 15, wakamaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Wa pili, John Dunbar, aliishiwa maji njiani na wasaidizi wake wakampa bia. Msinitazame hivyo. Mimi nitabeba maji.

Wala siendi Hawaii. Ninajiandaa kwa nusu ya safari hiyo, kule Rubavu nchini Rwanda, ukingoni mwa Ziwa Kivu, ambako mashindano ya Ironman 70.3 yalianza mwaka 2022. Ni kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1, bila kulala katikati. Nina miaka 47. Mnaona ni mingi? Kuna mtawa wa Marekani, Sista Madonna Buder, aliyeanza kukimbia akiwa na miaka 48. Mwaka 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza ile safari nzima, si hii nusu yangu.

Kilichonitesa zaidi ni maji. Hapa kwetu Madibira maji yapo tele, lakini si ya kuogelea. Mfereji mkuu unavuta, mifereji midogo ina konokono wa kichocho, na kinamasi cha Ihefu ni cha mamba na viboko. Kwa hiyo ninapanda basi kwenda mjini Mbeya, ninalipia bwawa la hoteli, ninaogelea saa nzima, ninarudi. Siku ya kwanza nilivuka mita 25 nikatoka nikihema kama mbuzi aliyetoroka mnada. Nilidhani hewa imeniishia, kumbe nilikuwa nimeibana. Sikilizeni: kinachokufanya utamani kuvuta pumzi mapema hivyo ni ile hewa chafu ya kaboni inayojaa ndani yako. Dawa yake ni kuitoa kidogo kidogo, uso ukiwa majini, kama unavyopuliza chai ya moto. Ilinichukua miezi miwili kuliamini jambo hilo. Na nyinyi msiende kulijaribu kwenye mfereji mkuu.

Baiskeli haikunipa shida hivyo. Nani hapa hajawahi kusukuma baiskeli yenye gunia la mpunga? Nikitaka mazoezi ya mlima ninashika njia ya Mafinga, inayotoka kwenye tambarare yetu ya Usangu na kupanda hadi kwenye baridi ya Mufindi. Nikiwa njiani ninakula kila nusu saa hata kama sina njaa: ndizi, kiazi cha kuchemsha, maji yenye sukari na chumvi kidogo. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, lakini akiba hiyo ni ndogo. Ukijikaza sana, baada ya saa moja na nusu au mbili huanza kuisha, na hapo miguu inakuwa mizito kama ya mtu anayetembea kwenye jaruba lenye tope. Niliwahi kukwama hivyo kilimani. Dereva wa pawatila akanipandisha kwenye tela lake, akacheka njia nzima hadi nyumbani.

Sasa tuje kwenye usingizi, maana ndio mlionichekea.

Mnakumbuka mwezi ule nilipochechemea? Nilikuwa nimekimbia siku tisa mfululizo kwa sababu nilijisikia vizuri. Moyo na mapafu hujifunza haraka, baada ya wiki chache tu unaona huhemi tena. Lakini kano, zile kamba ngumu zinazoshika misuli kwenye mifupa, hujifunza kwa miezi, na kwa mtu wa umri wangu huchelewa zaidi. Moyo uliniambia twende, kano ya kisigino ikakataa. Nikakaa wiki tatu bila kukimbia.

Mazoezi yenyewe hayaongezi nguvu. Ninapokimbia ninaichana misuli, michano midogo isiyoonekana, na ninaimaliza ile akiba ya wanga. Nikitoka mazoezini nimedhoofika kuliko nilivyoondoka. Ni baadaye, nikishakula na kulala, ndipo mwili unaziba michano ile na kuongeza kidogo juu yake, kama fundi aliyeona ukuta umepata ufa. Nyinyi mnafanya hivyo bila kujua: mnaamia ndege shambani kutwa nzima, mnarusha kombeo hadi mkono unauma, asubuhi mnaruka tena. Mimi usiku mmoja haunitoshi, ndiyo maana ninauongezea mchana.

Siku hizi ninaongeza umbali kidogo kidogo kwa wiki tatu, ya nne ninapunguza. Baba yenu anaiita wiki ya uvivu. Yeye mwenyewe msimu uliopita alifungulia maji mengi jarubani mara tu baada ya kupandikiza, miche ikazama, akarudia nusu ya kazi. Mkiniuliza mimi, tulifanya kosa lilelile, ila msimwambie kuwa nimesema hivyo.

Kesho ninaondoka saa kumi na moja alfajiri kwa baiskeli. Yule aliyesema mimi mgonjwa anijazie chupa mbili za maji, na ndizi nne aziweke kwenye mfuko wa nyuma. Halafu mrudishie mlango taratibu. Ninataka kulala.